Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu Zanzibar: Maoni mliyoyachukua kwetu, turudishieni

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua hii nakuandikia wewe, na pamoja nawe Katibu Mkuu wako, Afisa Mdhamini wa Wizara hapa Pemba, na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ustawi wa Jamii ya Baraza la Wawakilishi. Mimi ni mzazi, nakaa Kaskazini Pemba, na ni mjumbe wa kamati ya skuli ya kijijini kwetu. Sina cheo kingine cha kujitambulisha nacho. Nimeiandika wazi kwa sababu jambo lenyewe si la siri, na kwa sababu barua zinazopita mafailini huwa zinafika zimechoka.

Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili asiye na wakati aishie hapa. Kila mnapokusanya maoni ya wananchi juu ya sera, mtaala, lugha ya kufundishia au saa za masomo, yachapisheni maoni hayo kwa Kiswahili, shehia kwa shehia (yaani kila kijiji au mtaa ulio chini ya sheha wake), pamoja na jibu la Wizara: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Na mfanye hivyo kabla uamuzi haujatiwa saini.

Siwezi kusema hatuulizwi. Tunaulizwa, tena siku hizi zaidi ya zamani. Nimewahi kukaa kwenye mmoja wa mikutano ya kukusanya maoni, mjini, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Ukumbini wengi walikuwa walimu wakuu, maofisa na masheha. Wazee wa kawaida, yaani wazazi wa watoto, tulikuwa wa kuhesabika. Rasimu ilioneshwa ukutani kwa projekta, nusu yake Kiingereza, kwa maandishi madogo ambayo waliokaa nyuma waliyaachia Mungu. Kisha tukagawiwa makundi, kila kundi na karatasi yake kubwa na kalamu za rangi. Kundi letu likamchagua mwandishi, mwalimu mmoja mwenye hati nzuri.

Ubavuni mwangu alikaa mama mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo. Alipoulizwa yeye ana lipi, akasema: "Andika hivi. Mimi nataka mwanangu ajue Kiingereza. Lakini sitaki Kiingereza kimfanye asijue hesabu." Mwandishi akamtazama, akainama, akaandika: Lugha ya kufundishia iangaliwe upya. Mama akauliza, "Ndivyo nilivyosema?" Akajibiwa kuwa ndivyo, ila kwa ufupi. Karatasi ikabandikwa ukutani, ikapigwa picha, chai ikaletwa na maandazi. Tangu siku hiyo sijaiona karatasi ile wala sijaona kilichotokana nayo.

Ningekuwa mimi ndiye mwandishi, ningeliacha neno la yule mama lilivyo, maana sijasikia aliyeueleza mjadala wa lugha katika visiwa hivi vizuri kuliko yeye. Sera ya Elimu ya 2006 ilibadili mambo mengi kwa pamoja: elimu ya msingi ikawa miaka 6 badala ya 7, na Hisabati na Sayansi zikaamuliwa zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kabla ya hapo mtoto alisoma masomo hayo kwa Kiswahili mpaka amalize msingi. Nia ilikuwa njema, asifike kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza kwa ghafla. Lakini kilichotokea ni kwamba ule ughafla umeteremshwa kutoka sekondari, ukapelekwa kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja.

Mtoto wa jirani yangu, darasa la sita, aliniletea daftari lake jioni moja. Lilikuwa swali la Hisabati kwa Kiingereza: mkulima ana kilo 240 za karafuu, ameuza robo tatu, zimebaki kilo ngapi. Alikuwa amelinakili kwa hati safi kabisa na chini yake ameacha nafasi tupu. Nikamuuliza robo tatu ni nini, akanichorea duara na kulitia kivuli sawasawa. Nikamsomea swali kwa Kiswahili. Akasema "sitini" kabla sijamaliza kuuliza. Kesho yake, bila shaka, swali lilisahihishwa, na mtoto yule akaandikiwa alama ya Hisabati, alama ambayo haikuwa na uhusiano wowote na anachokijua katika Hisabati.

Maoni yangu mimi, nayasema ili nisijifanye sina upande: Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiswahili mpaka mwisho wa msingi, na Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa nguvu, kwa vitabu vya kutosha, na walimu wanaokizungumza. Mji wetu wa Unguja ndio uliotoa lahaja iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, hotuba zinakuwa nzuri, kisha tunarudi madarasani.

Lakini hayo ni yangu. Rafiki yangu mmoja, mvuvi, mtu ninayemheshimu kwa akili, haniungi mkono hata kidogo. Hoja zake si za kubeza. Anasema mtihani wa kidato cha nne unatungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, ni jambo la Muungano, na ni wa Kiingereza. Sasa Zanzibar ikirudisha Kiswahili peke yake, mtoto wa Pemba ndiye atakayelipa. Anasema pia kijana wake anayefanya kazi hoteli Nungwi hakuajiriwa kwa ufasaha wa Kiswahili. Amekopa, amempeleka mdogo wake skuli ya binafsi mjini inayofundisha kwa Kiingereza tangu maandalizi. Hana raha na deni, lakini anasema bora deni.

Sasa, Mheshimiwa, wanaofikiri kama mimi ni wangapi na wanaofikiri kama yeye ni wangapi? Kina mama wanasemaje, na wanasema tofauti na kina baba? Wete wanasema sawa na Makunduchi? Walimu wa darasa la tano wenyewe, wanaosimama mbele ya watoto hao, wakiachiwa waseme bila kuandikwa majina, watasema nini? Mimi sijui, na yule rafiki yangu hajui, kila mmoja wetu anadhani umma uko upande wake. Hapana mwenye kujua isipokuwa waliochukua karatasi zile.

Yako mengine ambayo hatukuulizwa kabisa. Skuli za maandalizi na msingi ziliwahi kupelekwa chini ya serikali za mitaa, baadaye zikarudishwa Wizarani. Kwenda tulisikia redioni na kurudi tulisikia redioni. Inawezekana maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi kwa wakati wake. Nasema tu kwamba mzazi aliyetaka kujua bomba la maji la skuli lililokatika alipeleke kwa nani, kwa muda fulani alikuwa anapewa jibu tofauti kwenye kila ofisi.

Na liko la michango. Wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein michango ya wazee katika skuli za serikali iliondolewa, tukashukuru, na mimi bado nashukuru. Ila kwetu liliondoka na jingine. Zamani mzazi aliyetoa shilingi zake alikuja kikaoni kuuliza zimekwenda wapi, na akishauliza hilo huuliza na la pili: kwa nini mwalimu wa Fizikia hayupo, kwa nini choo cha wasichana hakina mlango. Michango ilipokwisha, vikao navyo vikapungua, kana kwamba mtu akiacha kulipa ameacha na kuuliza.

Wazee wasiposikilizwa kikaoni hujibu kwa njia nyingine, na hili si geni kwetu. Wakati wa ukoloni serikali ilifungua skuli mashamba ikastaajabu hazijai. Wazee hawakuandika barua wala hawakuandamana, walibaki na watoto wao, wakawapeleka chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Kurani ilipoingizwa katika ratiba na walimu wake wakapewa nafasi, ndipo milango ilipoanza kuwa midogo. Serikali ile haikuwa ya kwetu wala haikuwa na haja ya kupendwa, na bado ilibidi isikilize.

Nalitaja hilo kwa sababu linalokuja sasa linafanana nalo, nalo ni suala la mikondo, yaani zamu za kusoma asubuhi na mchana. Mnajenga skuli za ghorofa, tunaziona, Unguja na Pemba, na asiyesifu hapo ana lake. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773, kati yetu 543,441 tuko Pemba. Visiwa vilivyoongezeka watu karibu laki sita kwa miaka 10 haviwezi kukaa na madarasa yale yale. Kusudio la kumaliza mkondo wa mchana, watoto wote wasome asubuhi kwa wakati mmoja, ni kusudio zuri. Anayeingia darasani saa saba mchana, jua la Pemba likiwa juu ya bati, anasoma nusu ya anachofundishwa.

Lakini mkondo si wa skuli peke yake. Siku ya mtoto wetu ina walimu wa aina mbili. Anayesoma asubuhi huingia chuoni baada ya chakula cha mchana mpaka alasiri au magharibi. Anayesoma mchana chuo chake ni asubuhi. Ukizigeuza saa za skuli, umezigeuza za chuo, za kula, za kuteka maji na za kulala. Ikiwa wote watasoma mkondo mmoja na masomo yakasogea mpaka saa nane au saa tisa, chuo kitaanza saa ngapi? Atakula nini tangu asubuhi, na kwa fedha ya nani? Mtoto wa kike anayerudi chuoni Isha imeshaadhiniwa, atapita njia gani? Na chuo ambacho leo kinawapokea kwa mafungu mawili, siku hiyo kitawapokea wote kwa pamoja ndani ya banda lile lile.

Haya yana majibu, naamini, na baadhi yake ni mepesi. Pahala pengine mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuo wakikaa nusu saa watayamaliza. Nashangaa tu kwamba katika mikutano ya wadau sijamwona mwalimu wa chuo hata mmoja aliyealikwa kama mwalimu wa chuo. Ana watoto wetu mkononi saa nyingi karibu sawa na za skuli, anajua nani kavunjika moyo na nani halali nyumbani, na wazee wanamsikiliza kuliko afisa yeyote atakayetoka mjini na gari.

Nirudi kwenye namna ya kuuliza. Anayeitisha mkutano saa nne asubuhi ameshachagua nani ahudhurie. Kwenye vijiji vinavyolima mwani, wakati wa bamvua maji hukauka asubuhi hiyo hiyo, na kina mama wako chini huko, wameinama wanafunga mbegu, mpaka maji yarudi. Hawawezi kuyaambia maji yangoje kuna semina. Wavuvi wa Kojani huenda dago, wakahamia mwambao mwingine wiki kwa wiki, pengine na watoto wao, ambao kwenye rejista ya skuli huitwa watoro. Msimu wa karafuu ukifika, nyumba nzima iko mikarafuuni mchana na usiku iko ukumbini ikichambua. Watoto wadogo wanaokota mpeta chini ya miti, kesho yake wanasinzia darasani na mikono inanukia karafuu. Kila mwaka tunawatisha wazee juu ya utoro wa msimu. Sikumbuki kikao kimoja kilichowauliza kwa uzito: kalenda ya masomo ya Pemba ikae vipi na karafuu? Pengine wangesema ibaki ilivyo na wao wajitahidi. Pengine wangetoa fikra ambayo hapana mtaalamu aliyewahi kuiwaza. Afisa aliyekulia kwenye mikarafuu, na wako wengi Wizarani, analijua hili vizuri. Nadhani ofisini linasahaulika kwa sababu pale halionekani.

Kwa hiyo njooni baada ya Ijumaa, njooni baada ya Isha. Njooni dikoni wakati ngalawa zimeshapandishwa, na kwa kina mama tumeni mwanamke anayejua kukaa nao kwenye kilili cha kuanikia mwani akawasikiliza wakifanya kazi. Hapo projekta haina kazi, inatosha mtu mmoja mwenye daftari anayeandika kinachosemwa kama kilivyosemwa, kisha anakisoma tena mbele ya aliyekisema.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hunong'ona, mimi nitalisema kwa sauti. Pemba mtu akiambiwa atoe maoni na mbele yake kuna fomu ya jina, shehia na namba ya kitambulisho, husema ahsante, kila kitu kizuri. Tumetoka kwenye historia ya siasa inayomfanya mtu apime kila neno, hata likiwa la madawati. Mkitaka ukweli, majina yasiandikwe. Atakayesema lugha ya kufundishia haifai asidhaniwe ana chama nyuma yake. Huenda ana mtoto wa darasa la sita tu, basi.

Najua nitaambiwa gharama. Sijaomba vitabu vyenye jalada la kung'aa. Naomba kurasa mbili kwa kila shehia, zibandikwe ofisi ya sheha, msikitini na kwenye ubao wa skuli, na zisomwe redioni ZBC. Ziwe na maneno kama haya: Shehia hii imesema inataka Sayansi darasa la tano kwa Kiswahili, Wizara haikubali kwa sasa kwa sababu hii na hii, italiangalia tena mwaka fulani. Shehia ile imesema mkondo mmoja usipite saa saba, Wizara imekubali. Basi. Mtu akikataliwa kwa sababu anayoisoma, atanung'unika siku mbili atatulia. Asiyejibiwa hunung'unika mpaka amhamishe mtoto.

Nitaambiwa pia kuwa mambo ya mtaala ni ya kitaalamu, Taasisi ya Elimu ina wenye shahada zao. Ni kweli, na sitaki mimi nipange mada za Kemia. Lakini saa ya kuingia na kutoka, lugha ambayo mtoto anaelewa, chakula, umbali, kalenda na nidhamu si utaalamu wa kuwatisha watu nao. Hizo ni habari za nyumbani kwetu, na mwenye shahada akizitaka atakuja kutuuliza sisi.

Wala hatukosi ujasiri wa kuamua mapema kuliko wenzetu. Zanzibar iliwafungulia mlango wa kurudi skuli wasichana waliozaa miaka mingi kabla ya Bara, ambako zuio liliondolewa Novemba 2021. Miaka 6 ya msingi tuliyonayo sisi tangu sera ya 2006, Bara ndio kwanza wanaiingia kwa sera waliyoizindua Februari 2025. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Tuna mamlaka nayo sisi wenyewe, na kwa hiyo hatuna wa kumsingizia.

Kila tarehe 23 Septemba tunaadhimisha siku ambayo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, mwaka 1964. Watoto wanafanya mazoezi ya halaiki wiki nyingi, na wageni wanakaa jukwaani. Napendekeza siku hiyo ndiyo iwe siku ya Wizara kuweka hadharani ripoti ya maoni ya mwaka mzima na majibu yake. Itawapa wageni rasmi kitu cha kuzungumza zaidi ya pongezi. Na Wajumbe wa Kamati ya Ustawi wa Jamii, nanyi msiipitishe bajeti ya elimu inayofuata bila kuuliza ripoti hiyo iko wapi.

Kamati yetu iko tayari kuwa ya kwanza kujaribiwa. Ubao tunao, gundi tunayo, na mwalimu mkuu amekubali kuacha nafasi kando ya ratiba ya mitihani. Yaleteni majibu yote, hata yawe ni "hapana" kutoka juu mpaka chini, tutayabandika na tutamsomea asiyejua kusoma. Gari ikikosekana ya kuyaleta, tuambieni tu yako tayari. Nauli ya kuyafuata Chake Chake hatukosi.

Wenu katika kulea watoto,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya skuli,
Mkoa wa Kaskazini Pemba.